Nyumba ya Mvuke: Makumbusho ya Reli ya Nairobi na Sisi wa Kindu

Mwaka 1971, wakati mitambo mingi ya mvuke ya Afrika Mashariki ilikuwa bado inatembea na kuvuta mizigo, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilifungua makumbusho yake jirani na stesheni kuu ya Nairobi. Naanza na mwaka huo kwa sababu ndio unaoeleza mambo mengine yote. Wenye reli hawakungoja mvuke ufe ndipo waulilie. Waliokusanya vitu walikuwa wafanyakazi wa reli wenyewe, watu waliojua kila kipuri kwa jina na kwa kazi yake, na walikuwa na uwezo wa kusema: kichwa hiki hakiendi kuyeyushwa, kisukumeni huku.

Naandika haya kwa ajili ya wasomaji wa Mikelenge na wa Kindu yote, mji uliozaliwa na reli na mto. Sisi tunajua mluzi wa treni ni nini. Tunajua pia namna chuma cha reli kinavyoweza kukaa kwenye majani miaka na miaka, hadi siku moja mtu aje na nyundo na mizani. Ndiyo sababu historia ya nyumba hii ya Nairobi yatuhusu.

Msimamizi wake wa kwanza aliitwa Fred Jordan, mtu aliyekuwa katika reli tangu mwaka 1927. Alipopewa kazi ya makumbusho alikuwa amekwisha kuiona reli hiyo ikibadili majina, wakubwa na mitambo. Nia yake ilikuwa mgeni aingie mlangoni na kuiona safari nzima, tangu kuwekwa kwa vyuma vya kwanza pwani hadi siku anayoingia yeye. Ndani aliweka picha, ramani, vyombo vya mezani vya mabehewa ya chakula, mifano ya meli, na karatasi za ofisi. Nje, juu ya njia za reli, vikapangwa vichwa vya treni na mabehewa. Jambo moja alilolifanya vizuri sana, na ambalo makumbusho mengi hulisahau, ni kuiacha nyumba yake ikiwa bado imeunganishwa na njia kuu ya reli. Mtambo uliomo mle haukufungiwa. Ukitengenezwa, unaweza kutoka kwa magurudumu yake wenyewe.

Mali ya kuhifadhi ilikuwa nyingi. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896. Mwezi wa Mei 1899 vyuma vilifika kwenye tambarare yenye majimaji ambayo Wamaasai walinyweshea ng'ombe wao, na huko wahandisi wakaweka bohari na karakana. Bohari hiyo ndiyo Nairobi ya leo. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikagusa Ziwa Viktoria, pale Kisumu. Vibarua walioletwa kutoka India walikuwa 31,983, na waliokufa kati yao ni karibu 2,500. Nazitaja hesabu hizo kwa sababu ziliandikwa, na kwa sababu vibarua Waafrika waliobeba, waliochimba na waliokufa kando ya njia ile ile hawakuhesabiwa kwa uangalifu kama huo. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika, pamoja na bandari na meli za maziwa. Kwa hiyo makumbusho yalipofunguliwa, yalikuwa nyumba ya nchi tatu.

Kati ya mabehewa yaliyomo kuna moja ambalo watu husimama mbele yake kwa muda mrefu. Ni behewa la ukaguzi, la mbao, lenye madirisha. Mwezi wa Juni 1900 behewa hilo liliegeshwa kwenye njia ya pembeni pale stesheni ya Kima, kusini mashariki ya Nairobi, kwa sababu simba alikuwa akiua watu wa stesheni. Ndani walilala watu watatu: Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, pamoja na wenziwe wawili wa Kizungu, Huebner na Parenti. Ryall ndiye aliyekuwa zamu na bunduki. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia, behewa likainama kwa uzito wake, akamkamata Ryall na kutoka naye dirishani. Mtu anaposoma kisa hicho kitabuni hukiona kama hadithi ya kutishia watoto. Anapolitazama dirisha lenyewe, akapima upana wake kwa macho, ndipo anapoelewa. Hapo ndipo naona thamani ya kuhifadhi kitu kizima badala ya kuhifadhi habari zake tu. Ndugu wa simba huyo wa Kima, simba wawili wa Tsavo walioua vibarua wa daraja mwaka 1898, ngozi zao ziliuzwa na sasa ziko Chicago, katika Field Museum. Behewa la Kima limebaki nyumbani.

Lakini mimi, kama ningeulizwa nichague kitu kimoja katika uwanja ule, ningechagua mtambo namba 5918, uitwao Mount Gelai.

Ni mmoja wa mitambo ya daraja la 59, iliyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956. Uzito wake ni tani 252, na urefu wake unapita mita 31. Hakuna mtambo mwingine wa mvuke wa reli ya upana wa mita moja uliowahi kuwa mkubwa na wenye nguvu kuliko hii. Umbo lake latokana na fikra ya mhandisi Mwingereza, Herbert William Garratt, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alijiuliza swali la watu wa milimani: utavutaje mzigo mzito kwenye njia nyembamba yenye kona kali na vyuma vyepesi? Ukirefusha mtambo wa kawaida hauwezi kukata kona. Ukiongeza uzito, vyuma vinapinda. Garratt akaugawa mtambo vipande vitatu. Mbele akaweka seti nzima ya magurudumu na mitungi yake ya mvuke, na juu yake tangi la maji. Nyuma akaweka seti nyingine kama hiyo, pamoja na mafuta na maji zaidi. Katikati, kwenye fremu iliyoning'inizwa baina ya seti mbili hizo, akaweka boila na chumba cha dereva. Kwa kuwa hapakuwa na magurudumu chini ya boila, boila iliweza kunenepa na kushuka chini, na tanuri la moto likapata nafasi ya kupumua. Mtambo ulipoingia kwenye kona, kipande cha mbele kiligeuka upande wake, cha nyuma kikafuata kwa wakati wake, na boila ikabaki katikati. Uzito wa tani zote hizo ulitawanywa kwenye ekseli nyingi, vyuma vikavumilia.

Daraja la 59 lilichoma mafuta mazito, kwa hiyo pale hapakuwa na mtu wa koleo. Mchocheaji alisimama na vali na geji zake, akitazama maji na moto kwa pamoja. Maji yakipungua juu ya tanuri, bati la juu la tanuri huungua na boila hupasuka. Maji yakizidi, huingia kwenye mitungi na kuvunja pistoni. Watu wawili ndani ya chumba kile, dereva na mchocheaji, waliivuta treni ya tani 1,200 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, ambayo iko juu zaidi ya mita 1,600. Wazee walioifanya kazi hiyo wanastahili heshima wanayopewa marubani.

Mitambo ya daraja hilo ilikuwa 34, na kila mmoja ulipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ile midogo ya madaraja mengine ilipewa majina ya makabila, ndiyo maana uwanjani pale utakuta pia Nyaturu, namba 3020, na Bavuma, namba 3123. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ya mvuke ilikuwa imekwisha, dizeli imeshika njia. Kati ya milima ile 34, thelathini na miwili ilikatwa vipande. Iliyobaki duniani ni miwili tu, Mount Gelai na Mount Shengena, na yote miwili imo katika makumbusho ya Nairobi. Fikiria kama Jordan na wenzake wangechelewa miaka kumi. Mkataji chuma hangejali jina la mlima.

Nyumba hii ilipata pia mtihani wa siasa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli likavunjika pamoja nayo. Mabehewa, meli, madeni na watumishi wakagawanywa baina ya nchi tatu kwa ugomvi mwingi. Makumbusho yalibaki Nairobi, chini ya Shirika la Reli la Kenya, na ninaona ni bahati kubwa kwamba hakuna aliyeyaona kuwa mali ya kugombaniwa. Katika miaka ya 1980 wacheza filamu waliyahitaji: treni inayoonekana katika filamu ya Out of Africa, iliyotoka mwaka 1985, ilipatikana kwa vyombo vya makumbusho haya. Baadaye mafundi walifufua mitambo mitatu hata ikawasha moto tena, Mount Gelai ikiwa mojawapo. Reli yenyewe ilikodishwa kwa kampuni binafsi mwaka 2006, ikarudi serikalini mwaka 2017, mwaka ule ule ambao treni mpya ya njia pana ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi. Katika misukosuko hiyo yote, uwanja wa vichwa vya treni uliendelea kufungua mlango wake asubuhi na kupokea watoto wa shule.

Sasa nirudi Kindu.

Reli yetu ina umri unaokaribiana na ule wa Nairobi. Tarehe 4 Januari 1902 kampuni ya Baron Édouard Empain, iliyojulikana kwa herufi CFL, iliundwa ili kuunganisha vipande vya Lualaba vinavyopitika kwa meli. Mto wetu una tabia yake: unakubali meli kwa mamia ya kilomita, kisha unaingia kwenye mawe na kukataa. Kila ulipokataa, palitakiwa reli. Kipande cha kwanza kilijengwa kutoka Stanleyville, ndiyo Kisangani, hadi Ponthierville, ndiyo Ubundu, kilomita 125 hivi, kikafunguliwa mwaka 1906. Kutoka Ubundu meli zilipanda hadi kwetu. Hapa Kindu mzigo ulishuka melini na kupanda treni, kwa sababu kusini kuna maporomoko ambayo wageni waliyaita Malango ya Jehanamu, karibu na Kongolo. Reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilimalizika mwisho wa mwaka 1910. Kipande cha tatu kilitoka Kabalo hadi Ziwa Tanganyika, pale Albertville, yaani Kalemie, na kikafika ziwani mwaka 1915.

Upana wa njia yetu hapo mwanzo ulikuwa mita moja, sawasawa na ule wa Mombasa. Mitambo yetu ilikula kuni, na kuni hizo zilikatwa na watu wa Maniema, wengi wao bila hiari yao. Baadaye reli ikabeba bati kutoka machimbo ya Kalima, ikabeba pamba, mchele na mafuta ya mawese. Mwaka 1955 njia ilipanuliwa ili ifanane na ile ya Katanga, na mwaka uliofuata zikaunganishwa, mtu akaweza kupanda treni Kindu na kuteremka Élisabethville. Fundi anayejua kazi ataelewa uzito wa neno hilo, kupanua njia: ni kuhamisha chuma kwenye mataruma kwa kilomita mia kadhaa na kubadili ekseli za kila behewa na kila mtambo.

Reli hizi mbili, ya kwetu na ya mashariki, ziliwahi kutazamana uso kwa uso. Mwezi wa Februari 1914 Wajerumani walifikisha reli yao Kigoma, wakaleta vipande vya meli Graf von Götzen na kuviunga ufukweni. Mwaka uliofuata reli ya CFL ikatokea ng'ambo ya ziwa. Vita vya Kwanza vya Dunia katika maji yale vilikuwa pia vita vya reli: kila upande ulipata silaha zake kwa njia ya treni. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe karibu na Kigoma isichukuliwe. Ikainuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, na tangu 1948 ikawa chini ya shirika lile lile la reli na bandari la Afrika Mashariki ambalo baadaye lilifungua makumbusho ya Nairobi. Kwa hiyo mtu wa Kindu anapoingia mle haingii nyumba ya jirani asiyemjua. Mizigo ya mababu zake ilivuka ziwa na kuendelea mbele kwa treni za shirika hilo.

Mwaka 1974 CFL na reli nyingine za nchi ziliunganishwa kuwa shirika moja la taifa, SNCZ, ambalo sasa ni SNCC. Kisha vikaja vita. Toka mwaka 1998 treni haikufika Kindu, mji ukabaki na mto, ndege na njia za miguu. Mwaka 2004 treni ilipofika tena, watu walitoka kuipokea, na aliyekuwapo hahitaji kuelezwa sababu. Chumvi, saruji, unga na nguo vilikuwa vimerudi.

Ninaposema Kindu inastahili nyumba yake ya reli, najua majibu nitakayopewa. Barabara mbovu, hospitali zina mahitaji, treni yenyewe inachelewa majuma, na wewe waleta habari za makumbusho? Nakubali kila moja ya hoja hizo isipokuwa hitimisho lake. Reli inayochelewa ndiyo inayohitaji kumbukumbu zaidi, kwa sababu kijana asiyejua kwamba treni iliwahi kutembea kwa ratiba hawezi kuidai ratiba hiyo. Tena kuanza si lazima kuanze na majengo. Kule Jinja, Uganda, stesheni ya zamani iligeuzwa kuwa makumbusho ya reli mwaka 2022, nyumba ndogo ya heshima yenye picha na vitu vichache vilivyoelezwa vizuri. Nairobi ilikuwa na tani 252 za kuonyesha. Jinja ilianza na kilichokuwapo.

Na liko jambo moja ambalo Kindu inaweza kulifanya vizuri kuliko Nairobi. Katika historia ya ile reli ya Mombasa tunayajua majina ya wahandisi, ya wakaguzi, hata ya mtu aliyeliwa na simba akiwa kitandani. Majina ya waliobeba vyuma hayajulikani. Kwetu bado wapo watu waliolelewa na baba au babu wa reli: watoto wa madereva, wa wachochea moto, wa wapiga nyundo wa karakana, wa mabaharia wa meli za Ubundu. Wanakumbuka nani alifanya kazi gani, nani alikufa njiani, mluzi ulilia saa ngapi asubuhi, mshahara ulikuwa kiasi gani na chakula cha kambi kilikuwa nini. Hayo yote bado yanaweza kuandikwa, lakini kila mzee anayezikwa hupunguza kilichobaki.

Vitu navyo vipo majumbani. Taa ya mkono ya mlinzi wa njia. Kitabu cha kazi chenye muhuri wa CFL. Kofia, filimbi, kitambulisho, picha ya kikosi cha karakana waliosimama mbele ya mtambo wao. Nyingi ya hizo zimo ndani ya masanduku ya kina mama wajane wa Mikelenge, Kasuku na Alunguli, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote kama wangependa kuzionyesha.

Basi nawaomba, ndugu zangu. Mwenye taa ya reli nyumbani asiiuze kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mwenye picha aandike nyuma yake majina ya waliomo, kwa kalamu ya risasi, kabla ya anayewajua kuondoka. Walimu wa historia wawatume wanafunzi kwa wazee wa reli wakiwa na daftari. Wakuu wa reli na wa mji watenge chumba kimoja cha stesheni, chenye paa lisilovuja na kufuli, na wamweke ndani yake mtu aliyewahi kufanya kazi ya reli, kama Nairobi walivyomweka Fred Jordan. Chumba hicho kimoja kinatosha kuanzia mwaka huu.